Tunahama SVN kwenda Git, historia yetu tunaibebaje?

Mwezi huu maswali matatu yametoka kusini, Mtwara mjini, Nachingwea na Lindi, na yote yanazungukia jambo moja, kuhamisha programu kutoka mfumo mmoja wa kutunza matoleo kwenda mwingine, yaani ile mifumo kama SVN, Git na Mercurial inayokumbuka kila badiliko la msimbo. La kwanza nimelijibu kwa kirefu sana kwasababu linanigusa mwenyewe.

Shikamoo dada. Mi na wenzangu wawili hapa Mtwara tuna programu ya kupokelea korosho ghalani, inaandika uzito, daraja la korosho, chama cha msingi na namba ya stakabadhi. Ilianza kuandikwa 2009 na bro mmoja ambaye saivi yuko Dar, na tangu siku hiyo msimbo wote unakaa kwenye SVN, kwenye kompyuta moja ya zamani chini ya meza ofisini. Sasa vijana wapya wanajua Git tu, SVN hata kuisikia hawataki, bosi kasema tuhame. Mwenzangu anasema tuchukue folda ya mwisho tuitupie kwenye Git tuanze upya, mi moyo unasita. Tuna komiti 1,900 na ushee. Je historia inahamishika kweli? Halafu kuna kitu kingine, mwanzoni hatukuwa na folda ya trunk, ile ya msimbo mkuu, mafaili yalikuwa yamekaa tu wazi, trunk tuliitengeneza 2013. Msomaji, Chikongola, Mtwara

Marahaba mdogo wangu. Huo moyo unaosita usikilize. Historia inahamishika yote, kuanzia komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya kwanza ya 2009 mpaka ya jana jioni, pamoja na majina ya walioandika, tarehe, saa na yale maneno waliyoyaacha, na hiyo kompyuta ya chini ya meza inatosha kabisa kuifanya kazi yenyewe.

Ngoja nikwambie kwanini nakazania. Miaka ya nyuma nilifanya hicho hicho anachokitaka mwenzako. Ilikuwa ofisi moja huku huku kusini, programu ya mizani, nikachukua folda ya mwisho, nikaandika git init, nikakomiti kila kitu kwa mkupuo mmoja na neno "mwanzo", ile seva ya SVN tukaifuta ili tupate nafasi, nikajua nimemaliza. Msimu ulipofika ikaletwa mizani mpya, na mzee mmoja mkulima akawa kila akija analalamika kwamba gunia zake kazipima kabla hajaleta na hapa zinapungua. Tukafungua programu tukakuta mstari mmoja mfupi, `$uzito = $uzito - 1;` basi, hakuna maelezo juu wala chini, kila gunia linakatwa kilo moja. Ni uzito wa gunia tupu? Ni unyevu? Ni mtu alikuwa anajaribu kitu akasahau kukitoa? Mizani mpya ilikuwa yenyewe inatoa uzito wa gunia, kwa hiyo kama ule mstari ulikuwa wa gunia basi watu walikuwa wanakatwa mara mbili, lakini hakuna aliyekuwa na uhakika, na kila nikiiuliza Git mstari huu kauweka nani inanitajia jina langu mimi, siku ile ile ya "mwanzo". Aliyeuandika alishaondoka na simu yake haipatikani. Zilipita siku tisa ndo tukajua, na siku zote tisa watu wanapanga foleni na gunia zao. Ile SVN ingekuwepo, svn blame, amri inayotaja kila mstari kauandika nani, pamoja na svn log, kwa dakika moja zingetupa jina, tarehe na sababu.

Kwa hiyo historia ya programu kama ya kwenu ni ushahidi wa mkulima, ichukulie hivyo tangu unapoanza.

Kitu cha kwanza kabisa, na kifanye leo kabla hujasoma zaidi. SVN haifanani na Git kwenye hili, kwenye SVN historia nzima inakaa seva peke yake, laptopu zenu zina picha ya mwisho tu ya mafaili, maana yake hiyo kompyuta ya chini ya meza ikiungua leo hata kabla ya kuhama mmeshapoteza miaka yote. Tumia `svnadmin hotcopy` kutoa kopi ya repo nzima, yaani ghala la msimbo na historia yake, kwenye diski ya nje, halafu `svnadmin verify` kwenye ile kopi ikague revisheni moja moja, ndo komiti zenye namba za SVN. Kazi yote inayofuata ifanyikie kwenye kopi, ile ya asili usiiguse. Ukiifanyia kwenye kopi ambayo iko kwenye mashine yako mwenyewe pia inakwenda haraka, anwani inakuwa `file:///` badala ya kupita mtandaoni.

Sasa majina. SVN ya kwenu inamjua mtu kwa jina lake la kuingilia tu, labda "admin", "kaka", "ofisi2", wakati Git inataka jina kamili na barua pepe kwenye kila komiti. Unatoa orodha ya majina yote yaliyowahi kukomiti kwa `svn log -q` ukiipa anwani ya repo, unayachuja yasijirudie, unayaweka kwenye faili moja, tuseme majina.txt, kila mstari una jina la zamani, alama ya sawasawa, jina kamili na barua pepe ndani ya mabano ya pembe. Hapa ndipo mtaona utamu wa kazi, manake mtakuta majina ambayo hata hamyajui, mpigieni simu huyo bro wa Dar mkae naye mpitie jina moja moja, huyu alikuwa nani, huyu alikuja kufanya mafunzo kwa vitendo mwaka gani. Na mkikuta jina kama "ofisi" ambalo watu watatu walikuwa wanalitumia, msikisie nani aliandika kipi, liacheni liandikwe Ofisi, kukisia kutamtwisha mtu komiti isiyo yake na huko mbele kuna siku ataulizwa. Jina likikosekana kwenye faili kazi inasimama katikati na inakutajia ni nani, usishtuke, unaongeza mstari unaandika `git svn fetch` inaendelea pale pale ilipoishia.

Chombo chenyewe kwa repo ya ukubwa huo ni `git svn`, ni sehemu ya Git ingawa kwenye mashine nyingine inasakinishwa pembeni. Kawaida mtu anaandika `git svn clone` na `--stdlayout` ambayo inamaanisha repo yangu ina trunk, branches (matawi) na tags (matoleo yaliyofungwa), halafu `--authors-file=majina.txt`. Lakini hapo ndo swali lako la pili linapoingia na umefanya vizuri sana kulitaja, kwasababu ukiandika hivyo tu itaanza kusoma pale trunk ilipozaliwa 2013, na kama mafaili yalihamishwa moja moja kuingia kwenye trunk haitajua yametoka wapi, miaka minne ya kwanza inakatika kimya kimya bila kosa lolote kuonekana kwenye skrini. Wengi wanagundua baada ya mwaka.

Dawa yake ni kuhamisha vipande viwili halafu kuvishona. Tafuta kwanza kwenye svn log ni revisheni namba ngapi mliyotengeneza trunk, tuseme ni 310. Kipande cha kwanza unakichukua kwenye mzizi wa repo bila `--stdlayout`, kwa `-r 1:309`. Cha pili unakichukua kwa `--stdlayout` na `-r 310:HEAD`. Vyote unavileta ndani ya repo moja ya Git, halafu kwa `git replace --graft` unaiambia komiti ya kwanza ya kipande cha pili kwamba mzazi wako ni ile komiti ya mwisho ya kipande cha kwanza. Ukishaona git log inateremka vizuri mpaka 2009, pitisha `git filter-repo`, chombo cha pembeni cha kuandika historia upya, ili mshono uwe wa kudumu. Vipo vyombo vikubwa zaidi, svn-all-fast-export ambayo imetoka kwa watu wa KDE, mradi wa programu za Linux, na reposurgeon ya Eric S. Raymond ambayo ndo iliyotumika kuhamisha GCC, ile kompaila maarufu, kutoka SVN kwenda Git Januari 2020, historia ya zaidi ya miaka 30 ile, lakini hivyo vina sheria zake za kujifunza na kwa komiti 1,900 sioni haja.

Kuna ushauri mtaupata kila mahali kwamba muweke `--no-metadata`. Mi kwa kwenu nakataa. Bila hiyo, chini ya kila ujumbe wa komiti `git svn` inaacha mstari unaoanza na `git-svn-id` wenye anwani ya zamani na namba ya revisheni, kweli unachafua macho kidogo, lakini watu wa SVN kwa miaka yote hiyo wamekuwa wakiandikiana "angalia r412" kwenye madaftari, kwenye barua pepe, hata ndani ya msimbo wenyewe, na Git haina namba za kufuatana hivyo, ina herufi na tarakimu 40 ambazo hakuna atakayezikumbuka. Mkiuacha huo mstari, kesho mtu akikuta "r412" kwenye daftari anatafuta `@412` kwenye git log anaipata. Mkiufuta, daftari zima limekuwa halina maana.

Matoleo mliyoyafunga, yale ya kwenye folda ya tags, kwa SVN ni kopi za folda tu, kwa hiyo `git svn` inayaleta kama matawi ya mbali. Yageuze kuwa tagi halisi, yaani alama ya jina juu ya komiti, kwa `git tag`, moja moja au kwa skripti fupi, kisha futa hayo matawi. Hilo dogo.

Folda tupu ndo linaloumiza watu. Git haitunzi folda isiyo na faili ndani. Programu nyingi kama ya kwenu huwa na folda la "risiti" au "ripoti" liko tupu linasubiri programu iandike humo, kwenye SVN linakuwepo, ukihamia Git unaichukua programu kwenye mashine mpya folda halipo, mkulima kashapima anangoja karatasi, programu inagoma kuchapisha. Weka `--preserve-empty-dirs` wakati wa kuhamisha, au baadaye tia kifaili kidogo ndani ya kila folda tupu. Na ile orodha ya mafaili ya kupuuzwa mliyoiweka kwenye svn:ignore haiji yenyewe kuwa faili, itoe kwa `git svn show-ignore` uiandike kwenye .gitignore.

Halafu naomba unijibu wewe mwenyewe kwa ukweli, kuna bakapu ya databesi humo ndani? Nauliza kwasababu karibu kila repo ya ofisi niliyowahi kufungua nimeikuta, mtu mwaka fulani alikomiti bakapu.sql ya MB mia na kitu. Kuna mambo mawili hapo. Moja, GitHub, tovuti ya kutunzia repo za Git, hawapokei faili linalozidi MB 100, na hata ukilifuta leo liko bado kwenye historia kwa hiyo watakukatalia tu. La pili ndo zito, humo kuna majina ya wakulima, namba za simu, akaunti za benki, na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi, hizo si zako kuzimwaga kwenye seva ya watu. Itoe kwenye historia nzima kwa `git filter-repo --path bakapu.sql --invert-paths`, ifanye kabla hamjapandisha popote, na ile kopi ya SVN iliyonayo ifungieni. Paswedi ya databesi nayo kama iliwahi kuandikwa kwenye msimbo badilisheni paswedi yenyewe, kuifuta tu haitoshi.

Kuhakiki usikubali kwa macho. Toa mafaili ya mwisho kutoka SVN kwa `svn export --ignore-keywords`, toa ya Git kwenye folda nyingine, linganisha kwa `diff -r`. Isionekane tofauti yoyote zaidi ya .gitignore na vile vifaili vya folda tupu. Fanya hivyo hivyo kwa matoleo mliyoyatumia kila msimu, yote, si la mwisho tu. Halafu chagua mafaili matano ambayo unayajua vizuri, moja liwe lile la uzito, angalia `git blame` yake na `svn blame` yake kandokando, majina yanalingana? Tarehe zinalingana? Hesabu ya komiti ikiwa pungufu kidogo tafuta kwanini, mara nyingi ni revisheni zilizotengeneza folda tupu au tagi tu.

Siku ya kuhama isiwe karibu na Oktoba, msimu ukishafunguliwa hakuna wa kukusikiliza na hutakiwi kugusa kitu ghalani. Mwezi wa tatu au wa nne pazuri. Mnakubaliana siku, kila mtu anakomiti alichonacho, unafunga SVN iwe ya kusoma tu, kama mnatumia svnserve, seva ya SVN yenyewe, ni kuweka `auth-access = read` kwenye svnserve.conf, unahamisha, mnahakiki, wote mnaanza Git asubuhi inayofuata. Msiandike huku na huku kwa pamoja hata kwa siku mbili. Na hiyo SVN msiifute, ikae hivyo hivyo ya kusoma, kopi moja ofisini na moja nyumba nyingine kabisa.

Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu Nachingwea, nina programu ya ratiba na matokeo ya shule niliyoandika mwenyewe kwa kutumia Mercurial, nilikuwa naiweka Bitbucket, tovuti ya kutunzia msimbo. Mwaka 2020 wakaondoa Mercurial na mimi sikuwahi kuhamisha, nilikuwa naumwa. Ninayo laptopu tu. Je, nimepoteza kila kitu? Na nilazimike kwenda Git?

Shikamoo mwalimu, na pole kwa kuumwa. Hujapoteza kitu. Mercurial ni kama Git kwenye hili, kila kopi ina historia nzima ndani yake, ingia kwenye folda ya programu uandike `hg log` utaziona komiti zako zote mpaka ya kwanza. Kilichoondoka Bitbucket ni ile kopi ya kule, ya kwako ipo. Ichukulie bakapu leo kwa `hg clone` kwenda kwenye flashi.

La pili, hulazimiki. Mercurial na Git zilizaliwa mwezi mmoja, Aprili 2005, sababu ni moja, BitKeeper, mfumo mwingine wa aina hii, iliyokuwa ikitumiwa bure na watengenezaji wa Linux ilisitisha huo ubure, Linus Torvalds akaanza Git na upande mwingine Mercurial ikaanza, na mpaka leo Mercurial inatengenezwa. Kama uko peke yako na umeizoea, baki nayo kwa amani. Ila kama unataka vijana wa shule waipokee programu siku moja, hapo hama, kwasababu wao watakuja na Git.

Kuhama kwenyewe kwa Mercurial ni kwepesi kuliko SVN, mifumo hii miwili inafikiri karibu sawa. Kuna kichombo kinaitwa hg-fast-export, unatengeneza repo tupu ya Git, unaingia humo, unakiendesha ukikionyesha folda la zamani kwa `-r`, kikimaliza unaandika `git checkout HEAD` mafaili yanatokea. Jambo moja tu la kuangalia mwalimu, kwenye Mercurial jina la tawi linaandikwa ndani ya kila komiti na linakaa humo milele, Git tawi ni kama kibao tu kinachoonyesha komiti fulani, kwa hiyo ukiwa na tawi moja lenye ncha mbili ambazo hukuwahi kuziunganisha kichombo kitagoma kikisema kuna ncha zisizo na jina. Ziunganishe kwanza huko Mercurial kwa `hg merge`, au zipe majina, ndo uhamishe. Ukikwama niandikie tena, nitakujibu moja kwa moja bila kusubiri gazeti.

Mambo dada, niko Lindi mjini, mwenzangu yuko Liwale, tumeshahamia Git ila mtandao unatutesa, kupakia repo ya GB 2 mara ya kwanza kumekata mara nne na bando limeisha. Kuna njia?

Poa kaka. Ipo, na hata intaneti haihitaji. Git ina amri ya `git bundle`, isikuchanganye na bando la simu, hii inafunga repo nzima na historia yake ndani ya faili moja. Andika `git bundle create programu.bundle --all`, itie kwenye flashi, mpe dereva au mtu yeyote anayekwenda Liwale, mwenzako akipokea anaandika `git clone programu.bundle` kama vile anavuta mtandaoni, ana kila kitu.

Baada ya hapo msitume yote tena. Ukishatuma weka tagi, tuseme "nilipotuma", wiki ijayo ukaandika `git bundle create wiki.bundle nilipotuma..main` inatoka faili ya komiti mpya tu, mara nyingi KB chache, hiyo hata kwa WhatsApp inapita kama dokumenti. Yeye anaikagua kwa `git bundle verify`, anaivuta kwa `git pull wiki.bundle main`, na wewe unasogeza ile tagi kwa `git tag -f nilipotuma main`. Usisahau kusogeza, ila hata ukisahau haiharibu kitu, utatuma kubwa kidogo tu.

Mei 2024 niliishi kwa njia hii karibu mwezi mzima, kimbunga Hidaya kimepita, barabara ya Dar imekatika pale Somanga, na ndani ya mwezi huo huo nyaya za intaneti za chini ya bahari nazo zikakatika, hapa na pale hakuna kinachofunguka, sisi tunapeana flashi kwa bodaboda na kazi inasonga. GB 2 lakini ni kubwa sana kwa programu, andika `git count-objects -vH` uone, na utafute kama kuna mavideo au mabakapu humo, yatoe kwa filter-repo kama nilivyomwambia msomaji wa Chikongola hapo juu, ila mkishafanya hivyo mwenzako atupe kopi yake aanze na bundle mpya, akiendelea na ya zamani atayarudisha yote mliyoyatoa.